Habari za Malori ya Dizeli na Mafundi Wake katika Nchi ya Mpanda



Katika kitabu cha Yubilei ni desturi kuandika majina ya maaskofu, mapadre na walimu wa kwanza, na kuhesabu makanisa na shule zilizojengwa. Jambo hilo ni la haki, wala hatulipunguzi. Walakini yuko mtumishi mmoja asiyeandikwa popote, ambaye bila yeye mabati ya makanisa hayo yasingalifika, wala saruji, wala vitabu vya shule, wala dawa za zahanati. Mtumishi huyo ni lori; na nyuma yake wako madereva, mafundi na matingo waliolala chini yake katika tope wakitafuta kwa nini limesimama. Twataka kuandika habari zao sasa, kwa maana wazee wazijuao wanazidi kupungua, na ujuzi usioandikwa humfuata mwenyewe kaburini.

1. Mizigo kabla ya lori

Hapo kale mizigo yote ya nchi hii ilichukuliwa kichwani na begani. Wamisionari wa Afrika, ambao watu waliwaita Mapadre Weupe, waliondoka Bagamoyo mwaka 1878, nao walifika Ujiji Januari 1879, baada ya miezi mingi ya safari. Kila kitu walichokuwa nacho kililetwa na wapagazi: nguo, misumari, shanga, vitabu na mvinyo wa Misa.

Katika mwaka huo wa 1879 Wabelgiji walijenga boma lao Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Na boma hilo mwaka 1885 likatiwa mikononi mwa Mapadre. Tena katika mwaka ule ule wa 1879 lilifanywa jaribio la ajabu. Tembo wanne wa Bara Hindi, waliokwisha kufundishwa kazi, walishushwa pwani karibu na Dar es Salaam, wakapelekwa bara chini ya uongozi wa Mwingereza jina lake Carter, ili kuona kama waweza kufanya kazi ya wapagazi. Safari iliwashinda. Walikufa mmoja baada ya mwingine, hata kufika Karema alibaki mmoja tu. Na Carter mwenyewe, pamoja na mwenzake Cadenhead, aliuawa mwaka 1880 huko Mpimbwe, katika nchi hii hii ambayo leo ni Mkoa wa Katavi.

Tumeikumbuka habari hii kwa sababu ina fundisho litakalotufaa mbele. Tembo ana nguvu kuliko wapagazi thelathini, lakini akianguka njiani hakuna awezaye kumwinua. Chombo cha kufaa nchi ya mbali si kile chenye nguvu tu, bali ni kile kiwezacho kutengenezwa pale pale kilipoharibika, kwa mikono ya watu waliopo.

2. Reli, risasi na magurudumu

Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Lakini nchi ya Mpanda ilibaki mbali kusini. Kilichotuletea reli ni madini. Katika miaka ya 1930 risasi ilionekana katika vilima vya Mpanda, na pamoja nayo shaba, fedha na dhahabu. Kwa ajili ya mgodi huo tawi la reli lilijengwa kutoka Kaliua kuanzia mwaka 1947, yapata kilomita 210 porini, likamalizika mwaka 1950. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, lakini reli ilibaki, na mji ukabaki pamoja nayo.

Basi stesheni ya Mpanda ikawa mwisho wa reli na mwanzo wa lori. Kutoka hapo mzigo uliokwenda Karema ulikuwa na kilomita zaidi ya mia moja mbele yake. Uliokwenda Sumbawanga ulipita Sitalike na mbuga za Katavi, kisha ukakabili milima ya Lyamba lya Mfipa. Walipokuja ndugu zetu waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972, wakakaribishwa Katumba, na baadaye Mishamo mwaka 1978, walifika katika misitu ambayo ilikuwa lazima ifyekwe kwanza. Chakula chao, mbegu zao na majembe yao vilikuja kwa lori.

Wazee wetu watuambia kwamba lori la misheni lilikuwa pia gari la wagonjwa. Mama aliyeshindwa kujifungua kijijini alitandikiwa godoro juu ya magunia ya mahindi. Ndiyo maana lori liliposimama njiani usiku, halikuwa jambo la hasara ya mzigo tu. Fundi aliyeshika spana alijua kwamba amebeba uhai wa watu wawili.

3. Mtambo usiotaka cheche

Malori ya kwanza ya nchi hii yalikuwa ya petroli. Mtambo wa namna nyingine ulibuniwa na Mdachi jina lake Rudolf Diesel, naye aliukamilisha katika mji wa Augsburg mwaka 1897. Katika miaka ya 1920 mtambo huo ulianza kutiwa katika malori huko Ulaya. Nasi Afrika ya Mashariki tuliujua zaidi baada ya vita kuu ya pili.

Tofauti yake ni hii. Injini ya petroli huwasha mafuta kwa cheche ya umeme. Injini ya dizeli haina cheche: huishindilia hewa kwa nguvu ndani ya silinda, hata inakuwa moto kabisa, ndipo nozeli hupuliza mafuta kama ukungu mwembamba, nayo huwaka yenyewe. Ili mafuta yapulizwe hivyo, pampu kubwa huyasukuma kwa nguvu ipatayo mara 150 hadi 250 ya mgandamizo wa hewa tunayoivuta. Na sehemu za ndani ya pampu hiyo zimesuguliwa zikakaribiana sana, hata unywele haupiti kati yake, wala sehemu ya kumi ya unywele.

Kwa hiyo dizeli ina nguvu, haili mafuta mengi, wala haina nyaya nyingi za kulowa katika mvua. Lakini ina adui watatu: hewa, maji na uchafu.

Chuo kikubwa cha madereva na mafundi wa dizeli katika nchi yetu kilikuwa barabara ya Zambia. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao tarehe 11 Novemba 1965, Zambia ilikatwa njia yake ya kusini, ikalazimika kuleta mafuta kutoka Dar es Salaam. Malori yalikwenda mchana na usiku katika vumbi na tope, na mengi yaliachwa mabondeni. Bomba la mafuta lilimalizika mwaka 1968, na reli ya TAZARA ilikabidhiwa mwaka 1976. Walakini vijana waliojifunza katika barabara ile walitawanyika nchini, wakafundisha wengine.

4. Ugonjwa wa mafuta

Sasa tuseme waziwazi jinsi fundi wa zamani alivyotafuta ugonjwa, kwa maana walimu wengi watafurahi kuwafundisha wanafunzi wao jambo hili. Fundi mwema hakufungua pampu kubwa kwanza. Alianza tangini, akafuata njia ya mafuta hatua kwa hatua: tangi, mpira, pampu ndogo, chujio, pampu kubwa, mabomba membamba, na mwisho nozeli.

Ikiwa lori hupanda vizuri, kisha hupungua nguvu, hufa, na baada ya kupumzika huwaka tena, alitazama kwanza kifuniko cha tangi. Kifuniko kina kitundu cha kuingizia hewa. Tope likiziba kitundu hicho, mafuta yanapotoka hewa haiingii, na pampu ndogo huvuta bure. Fungua kifuniko: ukisikia hewa yaingia kwa sauti ya kuvuta, umepata ugonjwa, na dawa yake ni kijiti tu. Ni wangapi waliobomoa mtambo mzima kwa kukosa kutazama kitundu kimoja!

Ikiwa injini huwaka, huunguruma kidogo, halafu hufa, mara nyingi ni hewa iliyoingia katika njia ya mafuta. Mafuta hayashindiliki, bali hewa hushindilika; basi pampu husukuma povu tu, na nozeli haipulizi. Dawa ni kuitoa hewa. Fundi hulegeza skrubu iliyo juu ya chujio, akapiga pampu ya mkono mpaka povu liishe na mafuta yatoke safi, ndipo akaza skrubu wakati mafuta yangali yakitoka. Hufanya vivyo hivyo kwenye pampu kubwa. Kisha hulegeza nati za mabomba penye nozeli, mwenzake akazungusha injini mpaka mafuta yaruke, akazikaza. Lakini ajihadhari asiweke kiganja mbele ya mafuta hayo, kwa maana nguvu yake hupenya ngozi na kuingia mwilini, na jeraha lake ni baya kuliko lionekanavyo.

Tena hewa ikirudi, kuna mahali inapoingilia. Mpira umepasuka, au washa ya shaba imechoka. Katika pori la Katavi hakuna duka la spea. Basi fundi aliichoma washa ile motoni mpaka ikawa nyekundu, akaitia majini, nayo ikawa laini tena na kukaa vizuri mahali pake. Na tangi likitoboka kwa jiwe, alisindilia sabuni ya mche katika tundu, maana dizeli haiiyeyushi upesi, nayo ilitosha kuwafikisha mjini.

Maji ni adui wa pili. Maji ni mazito kuliko dizeli, hukaa chini ya tangi usiku kucha. Kwa sababu hiyo dereva mwangalifu aliyatoa alfajiri, kabla injini haijawashwa na kuyachanganya. Pipa la mafuta hakulisimamisha wima katika mvua, kwa kuwa maji hukaa juu yake na kunyonywa ndani penye kifuniko. Alililaza, au alilisimamisha kwa kuliinamisha. Alipolihamisha aliliacha litulie siku nzima, wala hakuvuta mafuta ya chini kabisa.

Nao moshi una lugha yake. Moshi mweusi wasema: mafuta yamezidi hewa, tazama chujio la hewa lililojaa vumbi, au nozeli inayotiririsha mahali pa kupuliza. Moshi mweupe usiokwisha injini ikiisha kupata moto wasema: mafuta hayaungui, au maji yameingia. Moshi wa buluu wasema: oili ya injini inaungua. Kumtafuta mgonjwa kati ya silinda sita, fundi hulegeza nati za nozeli moja moja wakati injini inaunguruma polepole. Akilegeza moja na mlio ukabadilika, silinda hiyo nzima. Mlio usipobadilika, hapo ndipo penye ugonjwa.

5. Ugonjwa wa gia

Habari za gia zina hatari zaidi, kwa sababu ya milima. Katika malori ya zamani meno ya gia hayakuwa na kifaa cha kuyalinganisha mwendo. Dereva mwenyewe alipaswa kuyalinganisha kwa mguu na kwa sikio. Kupandisha gia, hukanyaga klachi, hutoa gia, huachia klachi, hungoja kidogo injini ipunguze mwendo, hukanyaga tena na kutia gia. Kushusha gia, hufanya hivyo hivyo, ila katikati huongeza mafuta kidogo ili injini ipande mwendo. Ndiyo maana ya kukanyaga mara mbili. Asiyejua hayo aliyasaga meno ya chuma mpaka yakawa kama ya mzee.

Gia inapokataa, liko swali moja la kuuliza kwanza. Je, yakataa injini inapokwenda tu, au hata injini ikizimwa? Ikiwa injini imezimwa na gia zaingia zote kwa urahisi, basi giaboksi ni nzima. Ugonjwa ni klachi isiyoachia kabisa. Pedali imelegea mno, au hewa imeingia katika mafuta ya klachi, au sahani yake imepinda. Lakini ikiwa zakataa hata injini ikiwa kimya, tazama vyuma viunganishavyo mkono wa gia na giaboksi: vimepinda, vimelika, au vimejaa udongo mweusi wa mbuga uliokauka kama saruji. Wengi walishusha giaboksi nzima, kazi ya siku mbili na ya watu wanne, na ugonjwa ulikuwa nje.

Gia inayoruka yenyewe mahali pake husema kwamba springi ndogo iishikayo imechoka, au meno yamelika pembeni. Na injini ikinguruma sana lakini lori halipandi, klachi yateleza: sahani imekwisha, au oili imeimwagikia.

Kuna madereva waliofikiri kwamba kuteremka mlima bila gia kwaokoa mafuta. Tuseme wazi: huko ni kucheza na mauti. Lori lenye mzigo likiachiwa gia katika mteremko, breki hubeba kazi yote, hupata moto, na mwisho hazishiki. Na gia ikikataa kurudi wakati huo, hakuna tena cha kuzuia. Desturi njema ni kuteremka kwa gia ile ile uliyopandia, nayo itiwe kileleni, kabla ya kuanza kushuka. Kwa hiyo lori lenye gia inayoruka halikupaswa kufika Lyamba lya Mfipa hata kidogo. Fundi aliyesema, "Leo hatuendi," alikasirisha wengi. Walakini huyo ndiye aliyewarudisha wengi nyumbani.

6. Miaka ya upungufu, na mafuta yaliyochanganywa

Ufundi huu ulijaribiwa sana tangu mwaka 1979. Bei ya mafuta ulimwenguni ilipanda, vita ya Kagera ilikula fedha za nchi, na spea zikakosekana. Malori mengi ya nchi yetu yalisimama, si kwa kuwa yalizeeka, bali kwa kukosa chujio au beringi moja. Mafundi walichukua kipande cha lori lililokufa wakakitia katika lililo hai. Mwaka 1984 serikali iliruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuleta bidhaa kutoka nje, na spea zikaanza kurudi polepole.

Baadaye ulikuja ugonjwa mwingine, uliotoka mikononi mwa watu. Kwa kuwa kodi ya mafuta ya taa ilikuwa ndogo, wafanya biashara wengine waliyachanganya na dizeli. Watu wakasema mafuta yamechakachuliwa, na neno hilo likaenea nchi nzima. Madhara yake fundi ayajua: pampu kubwa haina oili nyingine ya kulainisha sehemu zake nyembamba ila dizeli yenyewe inayopita ndani yake. Mafuta ya taa hayana ulaini huo. Basi chuma husugua chuma, na pampu hufa kabla ya wakati. Mwaka 2010 EWURA ilianza kutia alama katika mafuta ili kuwatambua wadanganyifu, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili faida ya udanganyifu iondoke. Fundi mmoja mwongo kwenye pipa aliweza kuharibu kazi ya mafundi kumi waaminifu.

7. Neno la mwisho kwa walimu

Leo mambo yamebadilika. Mkoa wa Katavi uliundwa mwaka 2012, na lami imefika Mpanda kutoka Tabora na kutoka Sumbawanga. Malori mapya hupima mafuta yake kwa kompyuta, na fundi huja na chombo cha kusoma makosa. Twashukuru kwa hayo. Lakini hewa, maji na uchafu havikusoma kompyuta. Vingali adui wale wale.

Tazameni meli ya Liemba, iliyopita Ikola na Karema kwa miaka mingi. Wadachi waliizamisha mwaka 1916, lakini kabla ya kuizamisha mafundi wake waliipaka mitambo grisi kwa uangalifu. Waingereza wakaiinua, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena. Grisi ya saa chache iliokoa meli ya miaka mingi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Jimbo letu la Mpanda lilizaliwa mwaka 2000, likitoka katika Jimbo la Sumbawanga, ambalo nalo liliitwa Karema hapo awali. Katika miaka 25 hii tumeandika mengi juu ya kuta zilizojengwa. Basi twawaomba walimu wa shule zetu jambo moja: katika kila kijiji mtafuteni fundi mzee wa malori, mkae naye pamoja na wanafunzi wenu, mwandike maneno yake: jinsi alivyosikiliza injini, jinsi alivyochoma washa motoni, barabara ipi alipita na nani alimfundisha. Msingoje matanga yake ndipo muulize. Na vijana wanaoshika spana leo wajue kwamba kazi yao ina historia, nayo imeanza tangu siku za wapagazi, katika njia ile ile iendayo Karema.